Kabla hujashika beseni

Karibuni sana. Ninyi mliojiandikisha Jumapili kwenye kikundi cha kutembelea wagonjwa, nimeambiwa niwape maneno mawili matatu kabla ya Jumamosi. Mimi si katekista wala si nesi. Nina miaka 14 ya kubeba beseni, basi, na nitakachowapa ni makosa yangu, maana mazuri ya kazi hii mtayaona wenyewe.

Nianze na miguu. Alhamisi Kuu mnajua ilivyo: viti 12 vinapangwa mbele ya altare, Padre anavua kasula, anajifunga taulo kiunoni. Zamani walikaa wanaume peke yao; tangu Januari 2016, Papa Fransisko aliporekebisha utaratibu, hata sisi wanawake tunaruhusiwa kukaa pale. Mwaka nilioitwa mimi nilishinda nasugua visigino kwa jiwe mpaka vikawasha, nikapaka mafuta, nikavaa soksi mpya. Wenzangu nao vilevile, na mmoja alikuwa amepaka kabisa rangi ya kucha. Padre akamwaga maji kiduchu juu ya miguu ambayo ilikuwa imeshaoga nyumbani. Sisemi ni vibaya, ni ibada, na kila mwaka machozi hunitoka. Ila miguu mtakayoikuta Jumamosi haijajiandaa.

Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa mzee mmoja mwenye kisukari, anaishi na mjukuu wake wa kiume aliyekuwa akishinda kwenye bodaboda. Nikafika na bidii zote za mgeni. Nikachemsha maji, nikachanganya na ya baridi, nikapima kwa kiganja hiki kilichozoea kuepua masufuria. Mzee akasema, "Usijisumbue mwanangu, kijana ameshanisafisha asubuhi." Nikadhani ni haya za kizee. Nikapiga magoti, nikaingiza miguu yake kwenye beseni, nikafumba macho, nikaanza kusali. Sala ndefu kweli, nikawataja hadi marehemu wa ukoo wake. Yeye kimya.

Kesho yake mjukuu akaja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, babu ana malengelenge."

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu anaweza kukanyaga msumari asisikie. Mzee hakuyasikia maji yale. Mwenye macho ya kuona ngozi inavyoiva nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeyafumba. Kidonda kile kilichukua miezi kufunga. Mzee alinisamehe palepale, akanitania kwamba nilitaka kumchemsha kama kuku. Mjukuu ilimchukua muda mrefu zaidi, na sikumlaumu.

Kwa hiyo mkienda kwa mwenye kisukari, maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko au umwombe mtu mwingine wa pale nyumbani ayapime. Msiloweke miguu muda mrefu. Mkausheni taratibu, hasa katikati ya vidole, na mtazame hadi nyayo. Mkiona mchubuko, hata uwe mdogo kama punje ya mtama, waambieni wa nyumbani wampeleke kliniki. Msipake kitu mlichotoka nacho kwenu. Kucha za mguu waachieni wauguzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo mgongo na makalio hufanya vidonda, na mara nyingi ndugu wanaomuuguza wamechoka hadi hawasemi. Shikeni upande mmoja wa shuka. Wodini, kabla ya kumpa mtu uji muulizeni nesi, huenda anasubiri upasuaji na amekatazwa kula. Na kusali salini, ila macho yawe wazi.

Kosa la pili halikuacha kidonda cha kuonekana, na kwangu lilikuwa gumu kulielewa kuliko lile la maji. Kulikuwa na mama mmoja mjane, miguu imevimba, hawezi kwenda bombani. Nilimfulia, nikamfagilia uwanja, nikamjazia ndoo. Kila nikimaliza ananiwekea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, kafunika na kisahani. Kila mara nakataa: "Hapana mama, nimeshakunywa nyumbani." Nilijua sukari yake imetoka kwenye mgao wetu, ningeinywaje? Jumamosi ya tano nikakuta mlango umefungwa, ndani redio inalia. Nikabisha hodi mara tatu, nikaondoka.

Nikamweleza mkubwa wetu wa kikundi, bibi mmoja asiye na maneno mengi. Akaniuliza, "Umeingia kwake mara nne, hujamwachia akupe hata maji. Unataka awe nani mbele yako?" Kisha akanituma nikasome Yohana 13, sura ya Yesu kuwatawadha wanafunzi wake miguu, ambayo nilidhani naijua kwa kichwa. Nilikuwa nimezoea kumtazama Yesu na kile kitambaa. Safari hii nikamtazama Petro: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Miaka yote niliona ule ni unyenyekevu wake. Lakini jibu analopewa ni kali, kwamba asipotawadhwa, "huna shirika nami". Mimi na mama yule hatukuwa na shirika. Mimi nilikuwa mtoaji, yeye alikuwa kazi yangu ya Jumamosi.

Nilirudi, nikabisha, nikasema nina kiu. Redio ikapunguzwa sauti.

Mengine ni madogo. Msipige picha za wagonjwa kupeleka kwenye grupu la WhatsApp, hata mgonjwa akitabasamu, hata kwa ajili ya kuchangisha. Daftari la mgao lijazwe siku hiyohiyo: nani kapata sabuni, nani kapata sukari, kiasi gani. Msidharau daftari mkadhani si kazi ya kiroho. Wale saba wa Matendo 6 walichaguliwa kwa sababu kuna wajane walikuwa wakisahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakawa makubwa. Kwetu pia hunung'unikiwa, na mara nyingi anayenung'unika ana haki.

Jumamosi saa 8 mchana nitakuwa mlango wa sakristia. Kateni kucha za mikono. Pete acheni nyumbani, zinakwaruza ngozi ya wazee. Mabeseni yetu ni matatu tu na moja linavuja, mwenye la kwake alete.