Jibu: Reli ya kiti iliyolala na ulimi uliofichwa, bila mwanya begani

Ndugu, umeuliza mbona viti vyako vya mezani vinaonyesha mwanya pale reli ya pembeni (ubao unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma) inapokutana na mguu wa nyuma, ilhali ulimi wenyewe, kile kipande kinachozama kwenye tundu, umekaza mpaka unaupigia nyundo. Fundi jirani naye kakushauri uzibe kwa gundi na unga wa mbao. Usizibe. Ukishapiga vanishi, ule unga hugeuka doa, na wateja wa siku hizi pale Ngong Road, Nairobi, huinama kuchungulia chini ya kiti kabla hawajatoa simu kulipa.

Kwa maelezo yako, reli zako zimelala, yaani zinaingia ndani kwa pembe, na pembe hiyo umeiweka mara mbili: begani (ukingo wa ncha ya reli unaogusa mguu) na kwenye ulimi. Zikihitilafiana kidogo tu, ulimi unashinda na bega linabaki hewani. Iweke mahali pamoja, yaani kwenye mkato wa ncha ya reli. Tundu la mguu lichimbwe skwea (digrii 90) na uso wa mguu, tundu la reli lichimbwe skwea na ncha iliyokatwa, halafu ulimi uwe kipande cha pekee kinachozama pande zote mbili. Ndiyo kazi ya mashine ya Domino ya Festool, ila kwa bei yake mimi ningenunua mbao kwanza. Drili na patasi zinafika pale pale, polepole.

Kiti chako kina upana wa milimita 450 mbele na 380 nyuma, na kati ya mguu wa mbele na wa nyuma ni 400. Kila reli basi inaingia ndani milimita 35 katika 400, ambayo ni digrii 5. Hiyo namba isahau. Chora umbo lote kwa kipimo kamili juu ya plaiwudi, weka bevo (kile kifaa cha kunakili pembe) juu ya mstari, kaza. Urefu wa reli pia uutoe kwenye mchoro: hapo ni kama milimita 401.5, si 400, na milimita moja na nusu ukiikosa utaiona. Kutoka mchoro huo huo kata kabari ya mbao kavu, 35 kwa 400, uitunze. Itafanya kazi karibu yote.

Watu wengi hukwama kwenye ncha mbili za reli. Zinakatwa sambamba, hazielekeani kama paa la nyumba. Tena ya kushoto na ya kulia ni mkato mmoja. Geuza moja juu chini, imekuwa ya upande wa pili. Kwa hiyo ukishaseti msumeno usiuguse hadi reli zote ziishe. Bega lichore kwa kisu kuanzia uso wa nje, maana penseli ina unene wake. Kisha pitisha randa kali kwenye ncha huku reli imeegemea kabari, na katikati ya ncha punguza kwa patasi kiasi cha unene wa karatasi, ukiacha kingo bila kuzigusa. Kingo ndizo zinazoonekana.

Sasa tundu. Kwa reli ya milimita 25, ulimi wa 8 unatosha. Toboa kipande cha mbao ngumu mashimo matatu yaliyonyooka chini ya drili ya kusimama, kiwe kiongozi cha drili, cha kubana kwenye ncha ya reli na kwenye mguu vilevile. Kipange kwa mstari wa kisu uliochorwa katikati. Ukitumia kizuizi cha pembeni, reli ikiwa imelala kitaigusa ukingoni tu na kukudanganya. Ukichimba milimita 30, tundu linasogea kando kama 2.6 ndani ya reli, hakuna shida. Lakini mtu akijaribu hivyo kwa digrii 15, linasogea karibu 8, na ukuta unabaki chini ya milimita moja. Hapo punguza kina au ongeza unene wa reli.

Tundu liwe na kina cha milimita 2 zaidi ya ulimi ili gundi ipate pa kukaa, na ulimi uuchane mfereji mdogo ubavuni, la sivyo gundi iliyonaswa chini itausukuma nje. Ulimi uingie kwa nguvu ya mkono. Gundi nyeupe haijazi mapengo.

Mbao nayo: saipresi ya soko la Gikomba mara nyingi huuzwa ingali mbichi. Ipange chini ya paa na vipande katikati yake mpaka itulie, na ulimi uutoe kwenye kipande kikavu kuliko vyote ulivyo navyo.

Aliyeuliza chini yako kuhusu fremu ya meza ya pembe nane: mbinu ya ulimi ni hiyo hiyo, ila ncha za kila kipande hapa huelekeana, digrii 22.5 kila moja. Tena ina mikato 16, na kila mmoja ukikosea nusu digrii upande uleule umekusanya digrii 8. Jaribu kwanza kwa mbao za taka.

Wakati wa kubana, klampu itateleza kwenye uso uliolala. Kata vipande vifupi vyenye mlalo ule wa kabari, vibandike msasa, viweke nje ya miguu ili klampu ivute sambamba na reli. Bana pande mbili kwa zamu, na pima diagonali kabla gundi haijashika.

Kama miguu yako ya nyuma pia imelalia nyuma, hiyo ni pembe ya pili na mkato wa ncha unabadilika. Weka picha ya mchoro hapa tuuone.