Fadhila ipi itangulie?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mpaka rangi, umri miaka 27. Natafuna miraa hadi saa nane usiku, nachelewa kazini, nadaiwa dukani, na nimezoea kumwambia fundi "niko feri" nami bado nimelala. Kila Januari naandika mambo kumi ya kubadilisha, na wiki ya pili huwa nimeyaacha yote. Nianzie wapi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Hayo kumi kwa mpigo ndiyo yanayokuangusha. Makosa yako yana mzizi mmoja, nao ni usiku. Anayekesha huchelewa, aliyechelewa hudanganya, na aliyekosa kibarua hukopa unga. Basi tanguliza kiasi, yaani kujizuia usipitilize.

Mmarekani Benjamin Franklin, katika karne ya 18, alijiandikia fadhila 13 akaweka kiasi mbele, kwa hoja kwamba kichwa kikiwa chepesi ndipo mtu huweza kuzilinda nyingine. Kila wiki aliikazania moja. Wiki 13 zikiisha, anarudi mwanzo, mara 4 kwa mwaka. Daftari alilotia alama za makosa yake lilitoboka kwa kufutwafutwa.

Wewe zakutosha nne: kiasi, kutimiza ahadi, ukweli, na kulipa deni. Piga jedwali la mistari 4 na safu 7. Kila usiku kabla ya kulala jihesabu, ile muhasaba tunayohimizwa misikitini, na utie nukta palipo na kosa. Wiki ya kwanza pigania mstari wa kiasi usibaki na nukta. Mingine itie alama tu.

Fadhila isiyohesabika haishikiki. "Niwe na kiasi" ni maneno matupu. "Saa nne naondoka maskani" inahesabika. Siku za mwanzo utasikia uchovu na uzito wa moyo, pengine na ndoto mbaya. Wengi hudhani wameshindwa wakarudia miraa, kumbe ni mwili unaizoea hali mpya. Uzito ukizidi, nenda kliniki.

Ahadi: taja saa ya kufika baada ya kuhesabu foleni ya feri, na ukiona utachelewa piga simu kabla saa hiyo haijafika. Deni: mwendee mwenye duka kabla hajakuita, mlisome daftari lake pamoja, kisha taja kiwango usichoweza kukikosa. Deni la shilingi 3,000 kwa shilingi 50 kila siku ya kazi huisha kwa siku 60. Ukiahidi 200 kwa haya ya kuonekana mnyonge, siku ya tatu utaanza kupita uchochoro wa nyuma.

Na ukipata nukta, usichane ukurasa! Hapo ndipo wengi wanapoachia.

SWALI: Nilimtukana wifi yangu mbele ya watu harusini. Nimemtumia ujumbe wa radhi, hajajibu. – Mama, Kisauni

JIBU: Mama, tusi lililosikika na watu haliombewi radhi kwa simu. Nenda kwake na mtu mzima mmoja aliyekuwepo. Litaje neno lenyewe ulilomwambia, useme umekosa, unyamaze. Usitie "kama nilikukosea" wala "lakini nawe". Hayo yanaifuta radhi yote. Asipokubali, usimsumbue kesho yake. Akiwa na mgonjwa au msiba, nenda kaoshe vyombo pamoja na wengine.