Usiondoe Sahani Kabla Hujaisoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuhudumu mezani hapa Unguja, nimeifanya kazi hii miaka 14, yote katika hoteli za pwani, na kosa ninalolikumbuka kuliko yote nililifanya wiki ya kwanza.

Mama mmoja wa Kijerumani alikuwa akila samaki. Alipofika nusu akaweka kisu na uma juu ya sahani, akamgeukia mumewe wakazungumza. Nikaona mikono yake haishiki kitu, nikadhani ameshiba, nikaichukua sahani. Hakunikemea. Alimtazama tu samaki wake akienda zake jikoni. Msimamizi wangu aliniita pembeni, akachukua sahani tupu, kisu na uma, akanifundisha kwa dakika 5 jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla sijavaa sare.

Ichukulie sahani kama uso wa saa. Hapa angalieni vizuri, kwani wengi hukosea: zinazotajwa ni namba zilizoandikwa kwenye saa, si saa tunazotamka sisi. Mkufunzi akisema mpini uelekee 4, tazama ilipo namba 4. Usianze kuhesabu saa kumi ya jioni. Mgeni wa Ulaya anayepumzika huviweka kisu na uma kama V iliyopinduliwa: ncha zimekaribiana katikati ya sahani, mipini imeachana, wa uma uko kwenye 8 na wa kisu uko kwenye 4. Wengine huvipishanisha. Hapo bado anakula, hata akikaa robo saa akisimulia hadithi. Akimaliza huvilaza pamoja, ubavu kwa ubavu, makali ya kisu yakitazama ndani. Mwingereza mara nyingi huelekeza mipini chini, karibu na 6. Mmarekani na wengi wa bara la Ulaya huilaza kuelekea 4. Ukiviona vimelala pamoja, umepewa ruhusa. Hata hivyo, kama wenzake mezani bado wanakula, subiri. Kwa Wazungu wengi, kumwondolea mmoja sahani ni kumwambia aliyebaki afanye haraka.

Tena Wazungu si wamoja. Mmarekani hukata nyama kisu kikiwa kulia na uma kushoto, kisha hukilaza kisu ukingoni mwa sahani, akahamishia uma mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akauweka mapajani. Kisu kile hakijaachwa. Baada ya tonge mbili atakihitaji tena. Nimewaona vijana wakipita na kukikusanya wakidhani wanasafisha meza, mgeni akabaki na uma na kipande cha nyama. Mfaransa naye hufundishwa tangu utotoni kuviacha viganja vyake vionekane juu ya meza; usidhani anakungoja wewe. Na Mwitaliano ukimpa tambi, uma mmoja unamtosha. Kumletea kisu cha kukatia tambi hakumpendezi.

Wageni wa Mashariki ya Mbali nao wana yao. Kama hoteli yenu ina vijiti vya kulia, jambo moja lishikeni kama amana: usivichomeke wima ndani ya bakuli la wali. Kwa Wachina na Wajapani huo ni wali wa marehemu, na umemletea mtu aliye likizoni na watoto wake. Vilaze pembeni. Mjapani akivuta tambi kwa sauti, au akiinua bakuli hadi karibu na mdomo, yuko katika adabu zake. Mkorea huliacha bakuli mezani na wali huula kwa kijiko. Mgeni kutoka Thailand msimletee vijiti kwa sababu tu ya sura yake: kwao wali huliwa kwa kijiko kilicho mkono wa kulia, na uma wa kushoto kazi yake ni kusukumia chakula kijikoni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Tunajifunza adabu za mbali mpaka tunaacha za kwetu mlangoni. Mwaka wangu wa tatu kazini ilikuja familia kutoka Muscat, watu wanane, bibi yao akiwa nao. Wakaagiza biriani. Yule bibi akaniomba maji ya kunawa kwa Kiswahili safi cha Unguja, nami nikamwonyesha kwa kidole lilipo sinki, karibu na vyoo. Akanyanyuka, akaenda, mjukuu amemshika mkono. Nilipomwona anarudi taratibu kati ya meza nilitamani nirudishe maneno yangu. Nyumbani kwetu mgeni hanyanyuki kwenda kunawa, sembuse bibi. Huletewa birika na beseni pale alipoketi.

Tangu siku ile, kila ninapofanya kazi, birika na beseni vinakuwapo. Maji yawe ya vuguvugu. Anza na mkubwa wao. Mwaga taratibu juu ya mkono wa kulia, beseni likiwa chini yake, na taulo safi begani kwako au kwa mwenzako. Baada ya chakula rudi tena, safari hii na sabuni. Na wakila kwenye sinia moja, usilizungushe ili upate nafasi ya jagi. Kila mmoja anakula upande wake, kama Mtume (S.A.W.) alivyomfundisha mtoto Umar bin Abi Salama: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Ukizungusha sinia umempelekea mtu tonge la mwenzake.

Kitu cha kumpa mgeni mkononi, kipe kwa mkono wa kulia daima. Mzungu hatatambua, lakini Mwarabu, Mhindi na mzee wa Makunduchi watatambua.

Wapo kati yenu wanaoona haya mgeni akiwakuta wanakula kwa mkono chakula cha wafanyakazi. Msione haya. Mwaka 1608 msafiri wa Kiingereza, Thomas Coryat, alikuta Italia watu wakishikilia nyama kwa uma wakati wa kukata, jambo ambalo kwao Uingereza halikuwa desturi. Alirudi na mazoea hayo Uingereza, na rafiki zake wakamtania kwa ajili ya uma wake. Hao wanaotuletea visu vitatu na uma tatu leo, mababu zao walikuwa wakinawa mikono kama sisi.

Kwa hiyo mgeni wa Ulaya akitaka kujaribu kula wali wa nazi kwa mkono, msimtazame kama kituko wala msimpigie makofi. Mletee maji anawe, mwonyeshe tonge dogo la ncha za vidole, kisha mwache. Uma wake uache pale pale mezani, usiutoe na usiusogeze karibu naye.

Meza ya mchanganyiko ndiyo mtakayoikuta zaidi: mume Mwitaliano, mke Mzanzibari, wakwe wa pande zote mbili. Tandika kamili kwa wote: uma kushoto, kisu kulia na makali yakitazama sahani, kijiko nje ya kisu. Birika na beseni viweke kwenye meza ya pembeni, vionekane. Usiulize nani anakula vipi. Wakishaketi, sogea na birika kwa mzee aliye mkubwa kuliko wote na umwambie, "Karibu maji." Akinyoosha mkono, mmwagie, kisha mfuate wa kulia kwake. Akisema ahsante bila kunyoosha, pita kwa anayefuata.