Paneli za sola juu ya paa la zege: usihangaike sana na nyuzi za mwinuko, hangaika na upepo na maji

Mkuu, nimeona nikujibu kwa kirefu, maana waliotangulia wamezungumzia inverta na betri wakati wewe umeuliza habari ya paa. Kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ana nyumba ya ghorofa moja Mbezi Beach, Dar es Salaam, paa ni la zege lililolala, ameshanunua paneli 10 za wati 550, na mafundi watatu wamempa kauli tatu. Wa kwanza anataka kutoboa slabu na kufunga kwa bolti. Wa pili anasema paneli zilale tu juu ya tofali, uzito wake unatosha. Wa tatu amechora fremu iliyoinuka nyuzi 30 kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye video za Ulaya. Mimi kazi yangu ni kufunga sola, Dar na Zanzibar zaidi, kwa hiyo nitasema ninayoyafanya na sababu zake.

Kwanza hakikisha paa lako ni la aina gani. Nyumba nyingi za sasa zina paa la kuficha: ukiwa barabarani unaona ukuta umenyooka juu, unadhani ni slabu, kumbe nyuma ya ukuta kuna bati lenye mteremko mdogo limelala kwenye kenchi za mbao. Kama lako ni hilo, habari ya tofali na uzito isahau kabisa. Hapo paneli zinakaa kwenye reli, na reli zinashikwa kwa skrubu ndefu zenye washa ya mpira zinazopita kwenye mgongo wa bati (siyo bondeni maji yanakopita) hadi kwenye mbao. Yanayofuata ni ya slabu ya zege.

Na kama kuna mtu wa Mji Mkongwe au Lamu anasoma: mapaa ya zamani ya mawe, chokaa na boriti za mikoko hayamo kwenye hesabu zangu. Pale hupandishi mzigo wowote kabla mhandisi hajazikagua boriti zenyewe, na kwa Zanzibar Mamlaka ya Uhifadhi wa Mji Mkongwe lazima ijue, kwani ule mji umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2000.

Nianze na fundi wa tatu, maana huyo ndiye rahisi kumjibu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana linatupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, kama miezi saba linakuwa upande wa kaskazini, na miezi mitano iliyobaki upande wa kusini. Kwa hiyo paneli zinatazama kaskazini, hilo sawa. Lakini ukiinua nyuzi 30, Juni saa sita mchana unapata karibu mwanga wote wa moja kwa moja, na ukiinua nyuzi 10 unapata kama asilimia 94 yake. Njoo Desemba sasa: ile ya nyuzi 30 inapata kama asilimia 69, ya nyuzi 10 inapata 89. Umepata sita, umetoa ishirini, tena katika miezi ile ambayo feni na viyoyozi vinafanya kazi usiku na mchana. Huko Ulaya wanainua sana kwa sababu jua lao la baridi linapita chini. Sisi hatuna shida hiyo.

Basi kwa nini nisizilaze kabisa? Maji na uchafu. Paneli iliyolala sawasawa haijioshi. Mvua ikikatika, maji yanabaki kwenye ukingo wa fremu, yanakauka na vumbi lake, na baada ya muda unaona utepe wa udongo upande mmoja wa kioo, ukifunika mstari mzima wa seli. Ongeza na kunguru wetu wa pwani. Nyuzi 10 ndiyo kiwango changu cha chini, na watengenezaji wengi nao husema hivyo.

Hasara nyingine ya nyuzi 30 ni upepo, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako. Paneli yako ina urefu wa kama mita 2.28 na upana wa mita 1.13, uzito kama kilo 28. Ukiisimamisha kwa urefu wake kwa nyuzi 30, ukingo wa nyuma unapanda mita 1.14, hilo ni tanga la jahazi juu ya nyumba. Ukiilaza kwa ubavu kwa nyuzi 10, ukingo unapanda sentimita 20 tu, na ukuta wa pembeni wa paa unaukinga.

Fundi wa pili anasema uzito unatosha. Tupige hesabu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una nguvu ya kama kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Paneli moja ni mita za mraba 2.6. Ukizidisha unapata kilo 143, dhidi ya kilo 28 za paneli. Ni kweli paneli iliyoinama kidogo haipokei nguvu yote hiyo kama mvuto wa kuinuliwa, hasa katikati ya paa, lakini unaona mwenyewe kwamba kilo 28 si kitu. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Kuna watu watasema Dar hakuna upepo wa hivyo. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja hadi Mafia, na pwani nzima tulikaa tukisikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Paneli unazifunga kwa miaka 25, hivyo ufungie upepo wa siku ile moja.

Ukiamua kutotoboa, uzito uwe wa kweli na fremu zote ziungane ziwe kitu kimoja, ili upepo ukiishika paneli ya ukingoni uwe umezishika zote kumi. Tofali la inchi 6 lisilo na matundu lina karibu kilo 30. Mimi katikati ya paa naweka matatu kwa kila paneli, yakae ndani ya fremu, yasiegeshwe juu juu, ukingoni naongeza. Na chini ya kila tofali na kila mguu naweka kipande cha mpira mnene, la sivyo ukali wa zege unakata polepole karatasi ya lami inayozuia maji juu ya slabu kila joto linapotanua na kusinyaza vyuma. Kona za paa zikwepe kabisa, kwa sababu upepo unapopanda ukuta hujizungusha pale na mvuto wake ni mkubwa kuliko kokote. Acha walau mita moja kutoka ukingoni. Utahitaji njia ya kupita hata hivyo.

Je, slabu itabeba? Jumlisha paneli, fremu na tofali: karibu kilo 130 kwa paneli, kama kilo 50 kwa mita ya mraba. Slabu iliyopigiwa hesabu kwamba watu watapanda huwa inawekewa kama kilo 150 kwa mita ya mraba. Lakini neno zito hapo ni "iliyopigiwa hesabu". Kama nyumba ilijengwa kwa kauli ya fundi bila michoro, au ukiona nyufa na madoa ya kutu chini ya dari, mwite mhandisi kwanza. Na usisahau simtanki: lita 5,000 ni tani tano, tayari zipo juu pale, kwa hiyo tofali zako usizilundike karibu yake.

Sasa fundi wa kwanza, wa kutoboa. Simpingi, ila muulize maswali matatu. Atatoboa kina gani? Juu ya slabu huwa kuna sakafu ya mteremko wa kupeleka maji, unene wa sentimita tano hivi au zaidi. Bolti fupi inaishia kwenye sakafu hiyo, haifiki kwenye zege lenyewe, na upepo ukija unang'oa bolti pamoja na kipande cha sakafu. Pili, anajua mabomba ya nyaya za taa yamepita wapi? Yamo ndani ya slabu. Tatu, tundu atalizibaje? Akikujibu "silikoni", mwambie asante umrudishe nyumbani. Maji hupita pembeni ya bolti, yanaifuata nondo, na nondo ya pwani ikishapata maji yenye chumvi inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Doa la darini utaliona misimu kadhaa baadaye, mbali na tundu lenyewe, kwa sababu maji yalishatembea chini ya lami.

Njia ninayoipenda, na ndiyo ningefanya kwako kama bajeti inaruhusu, ni vikingi vidogo vya zege. Unakwangua sakafu sehemu ya mguu hadi zege lenyewe, unapanda vipande viwili vya nondo kwa gundi maalumu ya kupandia vyuma (tundu lipulizwe vumbi lote kwanza, gundi haishiki vumbi), unamwaga kikingi cha sentimita 20 kwa 20 chenye kimo cha 15, na bolti ya fremu inakaa ndani ya kikingi, juu ya maji. Kisha dawa ya kuzuia maji inapandishwa ubavuni mwa kikingi hadi juu. Slabu haitobolewi tena. Kwa wale ambao bado wanajenga, viwekeni kabla ya kupaka lami, ni kazi ndogo sana wakati huo.

Kabla ya kuchora popote, ngoja mvua kubwa inyeshe, panda juu na chaki, zungushia kila dimbwi linalobaki baada ya nusu saa. Madimbwi hayo ndiyo ramani yako. Hakuna mguu wala tofali kukaa mle, na wala usiweke safu inayokata njia ya maji kwenda kwenye bomba la kutolea.

Habari ya chuma. Mbezi Beach chumvi inafika. Engo za kuchomelea na rangi nyekundu ya kuzuia kutu ni rahisi, lakini kutu huanzia palepale penye weldi, ndani ya kona ambako brashi haikufika. Niliitwa kwenye nyumba moja Kigamboni iliyofungwa na fundi mwingine, ukuta mweupe ulikuwa na michirizi ya kahawia kutoka kila mguu, na nati moja niliigusa kwa spana ikabaki unga. Chukua reli za alminiamu na bolti za chuma kisichoshika kutu, na hizo zipake grisi kabla ya kukaza maana huwa zinang'ang'aniana. Kama lazima iwe engo, chomelea kwanza, toboa matundu yote, ndipo upeleke ikachovywe zinki. Ukichomelea baada ya zinki umeiunguza.

Kivuli kwetu si balaa kubwa. Ukuta wa mita moja upande wa kaskazini unatupa kivuli cha sentimita 58 tu saa sita mchana ya Juni. Kati ya safu na safu sentimita 30 zinatosha kwa kivuli, ila acha 60 ili mtu wa kufagia apite. Ukuta wa mashariki na magharibi ndio wenye kivuli kirefu, lakini ni asubuhi mapema na jioni, umeme wenyewe kidogo. Simtanki ndilo tatizo: weka paneli kaskazini yake ukiweza, maana miezi mingi kivuli chake huangukia kusini.

Nyaya zipite ndani ya bomba lisiloharibiwa na jua, na viungio vifungwe kwenye reli, visilale sakafuni. Paneli zako kumi zikiungwa mfululizo ni volti karibu 500 za mkondo mnyoofu (DC). Kiungio kilicholala kwenye maji hapo si mchezo. Fremu zote ziende ethi, yaani ziungwe kwa waya hadi ardhini.

Weka picha ya paa ukiwa umesimama kona ya kusini, simtanki lionekane, na useme kama ramani ya mhandisi unayo. Nikiona hiyo nitakuchorea safu zikae vipi, nadhani tano kwa mbili zitaenea.