Waya upi uondoke mezani, upi ubaki

Watu wanaoniita niwapangie meza ya kompyuta, nyumbani au kwenye ofisi ndogo, huwa na ombi moja: nyaya zote ziondoke. Kabla sijafungua begi nawaomba tuiname wote chini ya meza tuziangalie. Kuna waya wa umeme wa kompyuta yenyewe, wa skrini, wa printa, wa spika, wa ruta, chaja ya simu, na ekstensheni inayozibeba zote. Hapo hatujagusa hata waya mmoja wa kupitisha data. Kipanya kisicho na waya hakitaondoa hata mmoja kati ya hizo, na printa ya Wi-Fi bado itadai umeme wake ukutani.

Ndiyo maana siku zote naanza na swali hili: kitu gani mkono wako unakisogeza kutwa nzima, na kitu gani kinakaa palepale mwaka mzima? Kinachosogezwa kiwe bila waya. Kinachokaa kibaki na waya wake, ila waya huo ufungwe, upandishwe juu ya sakafu, usionekane. Ukifuata hilo utatumia pesa kidogo na meza itapumua.

Kipanya na kibodi ndivyo vya kwanza kuachana na waya. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni vile vinavyokuja na kipokezi chake, kile kidude kidogo unachochomeka kwenye tundu la USB. Ya pili ni Bluetooth. Kwa kompyuta ya mezani napendekeza kipokezi bila kusita. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mitaa ya Kariakoo hazina Bluetooth ndani, lakini kipokezi kinafanya kazi ukishakichomeka tu. Tena kinafanya kazi kabla Windows haijawaka, kwa hiyo mashine ikigoma unaweza kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo na kibodi yako ikakutii. Kibodi ya Bluetooth kwa kawaida husubiri mfumo uwake kwanza, na siku ya matatizo inakuacha mikono mitupu. Kwa laptopu yenye matundu mawili tu ya USB ushauri unageuka: tumia Bluetooth, tundu libaki kwa flashi.

Ukinunua vya Logitech, angalia alama iliyo kwenye kipokezi. Kile cha zamani cha Unifying, chenye alama ndogo ya rangi ya chungwa, kinabeba hadi vifaa 6 kwa pamoja, kwa hiyo kipanya na kibodi havihitaji matundu mawili. Cha mfumo mpya wa Logi Bolt hakisikilizani na cha zamani. Usinunue kipanya cha huku ukitegemea kipokezi cha kule.

Sasa kuna jambo moja nalirudia kwa kila mtu, kwa sababu linawafanya watu watupe vifaa vizima. Mama mmoja mwenye duka la steshenari, pale anapochapa barua za wateja, aliniita akilalamika kwamba kibodi yake mpya inakula herufi. Mteja anasubiri, yeye anachapa "Ninaomba kazi", kwenye skrini inatoka "Ninaoba kzi". Mshale wa kipanya nao unarukaruka. Alishabadilisha betri, na alikuwa ameanza kuulizia bei ya kibodi nyingine. Nilipozunguka nyuma ya kompyuta nikakuta kipokezi kimechomekwa kwenye tundu la bluu, na jirani yake kabisa kuna diski ya nje iliyokuwa ikinakili mafaili. Tundu la bluu kwa kawaida ni USB 3.0. Vipokezi hivi, pamoja na Bluetooth, hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na USB 3.0 ikiwa kazini hutoa kelele kwenye mawimbi hayohayo. Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012, si uvumi wa mafundi. Juu ya hayo, bati la kompyuta lilisimama kati ya kipokezi na mkono wa mwenye kuchapa.

Dawa yake ni waya mfupi wa kurefusha USB. Ukachomekwa nyuma kwenye tundu jeusi, kipokezi kikaletwa hadi juu ya meza, karibu na kibodi. Herufi zikarudi zote palepale, na kibodi ile anaitumia hadi leo. Ndiyo, tuliongeza waya ili kifaa kisicho na waya kifanye kazi. Ni waya ninaoutetea. Kama huna, hamishia kipokezi tundu la mbele la USB 2.0, mbali na diski.

Betri: nunua zile za kuchaji za AA au AAA pamoja na chaja yake. Betri za bei ya chini kabisa huvuja zikiachwa ndani, na ule unga wake hula vyuma vya kipanya.

Hedifoni za Bluetooth ni nzuri kwa muziki. Kwa vikao vya mtandaoni, ukiwasha maikrofoni yake, nyingi hushusha ubora wa sauti ili sauti ipite pande zote mbili, ndiyo maana wenzako wanakusikia kama uko ndani ya pipa. Mwalimu anayefundisha mtandaoni au mtu wa huduma kwa wateja namshauri atumie za waya.

Printa inategemea nani anachapa. Kompyuta ikiwa moja na printa iko pembeni yake, waya wa USB hauna mpinzani: ruta ikizimika unachapa, vocha ya bando ikiisha unachapa. Wi-Fi inafaa pale ambapo watoto wanatuma kazi za shule kutoka kwenye simu, au ofisi ina laptopu tatu zinazohamahama. Hapo kumbuka mambo mawili. Printa nyingi hushika Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo kama ruta yako ina majina mawili, usiitafute kwenye lile la gigahezi 5. Na ile tabia ya printa kusomeka haipo wakati inawaka mbele ya macho yako mara nyingi inatokana na ruta kuipa anwani mpya baada ya umeme kukatika na kurudi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee anwani ya kudumu.

Diski ya kuhifadhia nakala za kazi zako isitoke kwenye waya kabisa.

Wenye laptopu mpya wana bahati ya kipekee. Tundu la USB-C linaweza kupitisha umeme, picha ya skrini na data kwa waya mmoja. Unarudi nyumbani, unachomeka kitu kimoja, skrini kubwa inawaka na betri inachaji. Lakini si kila USB-C inatoa picha. Soma maelezo ya laptopu yako kabla hujanunua kigawanyio, kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa mengi, na hakikisha kigawanyio chenyewe kinapitisha wati zinazotosha chaja yako.

Kwa nyaya zinazobaki, situmii vile vibanio vya plastiki ambavyo lazima ukate kwa mkasi kila ukibadilisha kitu. Nakata vipande vya tyubu ya baiskeli, upana wa kidole. Fundi wa baiskeli atakupa tyubu mbovu bure, na mpira wake unavutika bila kuubana waya. Ekstensheni ifungwe kwa skrubu chini ya ubao wa meza, isilale sakafuni ambako maji ya kudekia yanaifikia. Usichomeke ekstensheni moja ndani ya nyingine. Printa ya leza isiingie kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Ichomeke ukutani moja kwa moja.

Kabla hujafunga chochote, bandika karatasi yenye jina kwenye kila chaja: ruta, skrini, spika. Pini zake mara nyingi zinalingana, lakini ya ruta huwa volti 12 na ya skrini inaweza kuwa 19. Ukizibadilisha gizani, unaweza kuunguza ruta.