Maswali ya Wasomaji: Bertha, Paris na mizinga ya reli

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kwamba mwaka 1918 Wajerumani waliipiga Paris kwa Bertha, mzinga uliofungwa juu ya behewa la treni. Mimi nasema behewa lingepinduka. Nani kasema kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nimekuwa fundi wa mabehewa kwa miaka mingi, na swali lako limenigusa. Nyote wawili mmeteleza, kila mtu mahali pake.

Bertha hakufika Paris. Huyo ulikuwa mzinga mfupi, mnene, wa sentimita 42, uliobomoa ngome za Liège, Ubelgiji, mwezi Agosti 1914. Masafa yake hayakuzidi sana kilomita 9. Watu wa Paris ndio waliotumia jina hilo kwa mzinga mwingine kabisa, ule unaoitwa Mzinga wa Paris.

Kuhusu kupinduka: behewa la mzinga wa reli halikuwa behewa la kawaida. Chukua Max, mzinga wa manowari wa sentimita 38 ambao Krupp, kiwanda cha silaha cha Ujerumani, waliupandisha relini. Ulikuwa na uzito wa tani kama 270, ukagawanywa kwenye ekseli 18. Piga hesabu: tani 15 kwa ekseli, mzigo ambao reli nzuri inaubeba. Ukifyatuliwa, kasiba (bomba la mzinga) ilirudi nyuma ndani ya kitanda chake huku mitungi ya majimaji ikilipunguza teke. Lililobaki lililisukuma behewa nyuma kwa magurudumu yake. Kulenga shabaha nako kulitegemea reli yenyewe: waliitandika kwa kona, wakasogeza behewa mpaka mdomo uelekee wanakotaka. Lakini ili kasiba inyanyuke sana na kombora liende mbali, mzinga ulihamishiwa kwenye jukwaa la chuma lililoandaliwa ardhini.

Mzinga wa Paris nao ulifika kwa reli katika msitu wa Crépy, karibu na Laon, ukasimikwa kwenye jukwaa la namna hiyo. Waliuhudumia wanamaji. Kasiba yake, mita zaidi ya 30, ilikuwa ndefu kiasi cha kupinda kwa uzito wake, ikabidi ishikiliwe kwa nyaya juu kama daraja la kuning'inia. Kombora la kilo 106 lilipanda karibu kilomita 40 angani na kufika Paris, umbali wa kilomita 120, baada ya dakika 3 hivi. Wapigaji walilazimika kuhesabu hata mzunguko wa dunia.

Linalonishangaza zaidi ni makombora yenyewe. Kila mlipuko ulikwangua kasiba ndani, tundu likapanuka. Basi kila kombora lilipewa namba, na linalofuata lilikuwa nene kidogo kuliko lililotangulia. Kuchanganya namba ulikuwa mkosi mkubwa. Kama fundi, naiheshimu kazi ya namna hiyo. Siwezi kuiheshimu shabaha yake: mji mzima, maana mzinga ule haukuweza kuchagua nyumba. Machi 29, 1918, siku ya Ijumaa Kuu, kombora liliangukia kanisa la Saint-Gervais ibada ikiendelea. Paa liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 80.

Upigaji ulikoma Agosti mwaka huo, majeshi ya Ujerumani yakirudi nyuma. Washirika, yaani Wafaransa na wenzao waliopigana na Ujerumani, walikuta jukwaa tupu. Mzinga ulikuwa umeondoka kwa treni, na hakuna hata mmoja wa aina hiyo waliowahi kuukamata.