Maswali Yenu: Grama wanaijua, aya ya Kiingereza inawashinda

SWALI: Habari mwalimu, mi nafundisha Kiingereza watu wazima darasa la jioni. Zoezi la grama wanapata vizuri tu, ila nikisema haya andikeni aya moja, jamani! Huyu analeta sentensi moja ya mistari sita koma kila mahali, yule visentensi vifupi vifupi havishikani kabisa. Nasahihisha kila kosa mpaka karatasi yote nyekundu, wiki ijayo makosa yaleyale. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana mwalimu mwenzangu, hujakosea peke yako. Hilo la wino mwekundu wataalamu wenyewe wameshavutana nalo, John Truscott aliandika mwaka 1996 kwamba kusahihisha grama kwenye maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili tuachane nako tu, Dana Ferris akamjibu mwaka 1999 kwamba ni mapema mno kusema hivyo, masahihisho ya kuchagua na yanayoeleweka yanaweza kusaidia. Mimi niko na Ferris, ila shika hapo kwenye kuchagua. Chukua kosa la aina moja kwa wiki, mengine yapite, najua roho itakuuma.

Sasa tuseme mwanafunzi kaandika hivi:

"My sister is a nurse, she work at night, she like her job."

Mkono unawasha kuongeza ile "s" ya work na like eeh? Iache kwanza. Mwambie asome kwa sauti, pale wazo linapoisha aweke nukta. Zinatoka sentensi tatu. Halafu muulize, hiyo ya pili na ya tatu zinahusianaje? Mmoja atasema "She likes her job although she works at night", mwingine "She works at night because she likes her job". Zote grama safi lakini hazisemi kitu kimoja, ya kwanza usiku ni kero anayoivumilia, ya pili usiku kautaka mwenyewe. Waache wabishane ipi ndo kweli ya huyo dada, hapo ndo wanaona kiunganishi kinabeba maana, sio pambo. Mbinu hii ya kuunganisha sentensi ilivuma sana Marekani miaka ya 1970 na mpaka leo sijaona zoezi la bei rahisi linaloishinda, maana hutaki kitabu wala nini, sentensi zao wenyewe zinatosha.

Aya nayo inaanzia hapohapo. Wameshapata "My sister likes her job although she works at night", basi mwenzake aliyekaa pembeni aulize swali moja tu linalomjia kichwani. Lazima atauliza anaipendea nini sasa! Jibu ndo sentensi inayofuata: "The ward is quiet, so she has time to talk to her patients." Anauliza tena, anaongea nao nini, inakuja nyingine. Akichomeka "She has two children" na hakuna aliyeuliza, inatoka, labda kama hao watoto ndo sababu ya kufanya kazi usiku, basi aiseme hiyo sababu. Ukienda hivi utaona hata zile Moreover na Furthermore wanazozibandika kila mwanzo wa sentensi kama stika zinapungua zenyewe.

SWALI: Mwalimu, wakiandika kwanza kwa lugha yao halafu watafsiri, kuna ubaya?

JIBU: Mawazo, vidokezo, mpangilio, ruksa kabisa waandike kwa lugha yao. Sentensi kamili hapana, maana kwa lugha yake mtu anaandika kitu kizito ambacho Kiingereza chake bado hakikibebi, matokeo yake anatafsiri neno kwa neno na we unakesha unatafuta alimaanisha nini.